Matibabu ya unene si urembo

Mwezi uliopita alinijia nyumbani Magongo, hapa Changamwe, mwalimu mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wangu katika masomo ya likizo. Anakaa Likoni na anafundisha katika shule ya kibinafsi huko Kisauni, kwa hiyo kila siku ya kazi huvuka feri alfajiri, akapanda matatu, akavuka Daraja la Nyali, na jioni akarudi kwa njia iyo hiyo. Alipokwisha kuketi na pumzi kumtulia, alitoa bahasha mkobani akaniambia, "Mwalimu, nisomee hii. Kiingereza chake nakijua. Maana yake ndiyo iliyonishinda."

Ilikuwa barua ya kampuni ya bima ambayo mwajiri wake ameichagua iwahudumie walimu wa shule yao. Daktari wa mwalimu huyu alikuwa ameandika kuomba afanyiwe upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ulio tumboni, ili uzani wake ushuke. Jibu lilikuwa la mistari mitatu. Ombi limekataliwa, kwa sababu matibabu ya kupunguza uzani yamo katika kifungu cha huduma za urembo ambazo kampuni hailipii. Nilikisoma kifungu chenyewe, kwa kuwa alikuwa amekiambatisha. Kimetaja kunyoosha pua, kuondoa makunyanzi, kung'arisha meno na kupunguza uzani, vyote katika sentensi moja, vikitenganishwa na mikato.

Amenipa idhini niandike habari zake maadamu sitaji jina. Ana umri wa miaka 41, kimo cha mita 1.58 na uzani wa kilo 118. Anaugua kisukari, huu ukiwa mwaka wa tisa, na shinikizo la damu. Magoti yake yamechoka. Wanaovuka Likoni kwa miguu wanaijua ile teremko ya kuingilia feri na jinsi umati unavyoteremka kwa kishindo lango linapofunguliwa. Yeye huacha feri moja au mbili zipite hadi umati upungue, asije akasukumwa. Akipanda tuktuk hutozwa nauli ya watu wawili. Shuleni mwalimu mkuu amemhamishia darasa la chini ili asipande ngazi, jambo ambalo analishukuru na kulionea haya kwa pamoja. Nilimuuliza kama amejaribu njia nyingine, nikajuta kuuliza. Amejaribu zote. Mwaka mmoja alipunguza kilo 14 kwa kujinyima na kutembea kila jioni, na mwaka uliofuata zikamrudia kilo 17.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji asiutafute. Naona kwamba matibabu haya yanapaswa kulipiwa, na kampuni za bima, na waajiri, na mfuko wa taifa wa afya, kwa wagonjwa waliotimiza masharti ya kitabibu. Na kati ya hao watatu, mfuko wa taifa ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kulipa. Mimi si daktari. Kazi yangu ni maneno, na nitaanzia hapo kwa kuwa ni neno moja, urembo, lililomnyima mwalimu huyu matibabu.

Kiswahili hakina desturi ya kusema kwamba mtu amejinenepesha. Tunasema amenenepa. Kitenzi hiki kimetokana na kivumishi -nene kwa kuongezwa kiambishi -p-, ambacho ni nadra sana katika lugha yetu. Mfano mwingine, ambao wanafunzi wangu huukumbuka upesi, ni kuogopa, kutokana na woga. Vitenzi vyote viwili hutaja hali inayomwingia mtu. Havimtaji mtu kuwa ndiye aliyeitenda. Kunenepesha tumewaachia wafugaji, kwa sababu ng'ombe yupo anayemlisha kwa kusudi. Sidai hata kidogo kwamba sarufi ni ushahidi wa kitabibu. Nasema tu kwamba wenye lugha walitambua tofauti ambayo mwandishi wa kifungu kile hakuitambua, maana pua hainyooki yenyewe na meno hayang'ai yenyewe: hapo yupo mtu aliyetaka. Kunenepa ni jambo la namna nyingine.

Lugha yetu, hata hivyo, ina lawama yake. Hapa Pwani mtu akinenepa baada ya kuoa au kuolewa huambiwa kwamba ametunzwa. "Una afya" ni sifa, na mara nyingine ni tafsida ya neno ambalo adabu hairuhusu kulitamka mbele ya mwenyewe. Na sisi tuliokua katika miaka ya themanini na tisini tunakumbuka hofu ya kukonda. Nchini Uganda, Ukimwi ulipoanza kuwaangamiza watu, wananchi waliupa jina la "slim", yaani ugonjwa wa kukonda, na mwaka 1985 jina hilo likaingia katika jarida la tiba la Lancet. Wakati ule aliyekonda alinong'onwa na aliyenenepa alihesabiwa kuwa salama. Hofu ile haijatutoka kabisa. Mwalimu wetu ananiambia kwamba alipopunguza zile kilo 14, mama yake mkubwa alimwita faraghani akamuuliza kama amepimwa. Basi anayehitaji kupungua kwa amri ya daktari hupambana kwanza na mapenzi ya jamaa zake, kisha ndipo apambane na kampuni ya bima.

Sasa tutazame tiba yenyewe. Madaktari hugawa kilo za mtu kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mtu mzima akiwa kati ya 18.5 na 25 husemwa kuwa na uzani wa wastani, na kuanzia 30 unene wake huhesabiwa kuwa wa kupindukia. Shirika la Afya Duniani limeuandika unene huo katika orodha yake ya maradhi. Mwalimu wetu ana 47. Mnamo 1991 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza upasuaji kwa aliyefikisha 40, au 35 ikiwa ana pia maradhi makubwa yanayohusiana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya wapasuaji wa fani hiyo, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilishusha kiwango hicho hadi 35 hata pasipo maradhi mengine, na hadi 30 kwa mwenye kisukari. Kwa kipimo chochote kati ya hivyo, cha zamani au kipya, mwalimu huyu amestahili.

Katika aina ya upasuaji inayofanywa zaidi duniani, mpasuaji hupitisha vifaa katika matundu madogo ya tumbo, akaondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba. Katika aina nyingine hupunguza mfuko na kukipitisha chakula kando ya sehemu ya utumbo mwembamba. Wengi hudhani kwamba faida yote hutokana na udogo wa mfuko. Sivyo. Ipo homoni iitwayo ghrelini, iliyotambuliwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999, ambayo huamsha njaa, na hutengenezwa kwa wingi katika sehemu ile ile inayoondolewa. Mtu akipungua kwa kujinyima, homoni hii huongezeka mwilini mwake, kana kwamba mwili unadai deni lake. Kilo 17 za mwalimu wetu zina maelezo, na maelezo hayo si ulafi.

Ushahidi wa matokeo haukosekani. Utafiti ulioanza Uswidi mwaka 1987 uliwafuata watu 4,047: 2,010 waliopasuliwa na 2,037 wenye unene wa namna hiyo hiyo waliopewa matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, baada ya wastani wa karibu miaka 11, yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikuwa wamekufa 101 na wenzao 129. Miongoni mwa waliokuwa na kisukari, asilimia 72 ya waliopasuliwa walikuwa wametokwa na ugonjwa huo baada ya miaka miwili. Baada ya miaka 10 walikuwa asilimia 36, ikilinganishwa na 13 upande wa pili. Nimetaja 72 na 36 kwa pamoja kwa makusudi, kwa sababu wanaouza huduma hii hupenda kutaja namba ya kwanza na kunyamazia ya pili. Upasuaji si muujiza. Baadhi ya watu hurudiwa na sehemu ya uzani wao. Wote hulazimika kumeza vitamini na madini maisha yao yote na kupimwa damu mara kwa mara. Lakini hata kwa asilimia 36, nipeni huduma moja ya urembo inayoondoa kisukari au kupunguza vifo, nami nitakubali kwamba kifungu kile kimepangwa sawasawa.

Hoja inayosikika zaidi katika vyumba vya walimu ni kwamba mtu mnene amejitakia. Kwa nini sote tulipie chapati za mwenzetu? Mimi mwenyewe nina kitambi cha heshima, na sioni haya kukiri kwamba mahamri ya asubuhi yana sehemu yake. Lakini tukiifuata hoja hii hadi mwisho, bima itabaki na watu wachache mno wa kuwatibu. Anayeendesha bodaboda bila kofia akavunjika hutibiwa. Mvutaji sigara hutibiwa mapafu. Hakuna kampuni inayomuuliza mwenye mvunjiko wa mguu kama alikuwa akikimbilia matatu iliyokwisha kuondoka. Swali la kosa tunaliuliza kwa mnene peke yake, labda kwa sababu ugonjwa wake anautembeza hadharani na wetu tumeufunika kwa shati.

Neno bima lilitufikia kupitia lugha za Kihindi, na asili yake katika Kiajemi ni neno lenye maana ya hofu au hatari. Hiyo ndiyo biashara yenyewe: watu wengi huchanga kwa sababu ya hofu wanayoishiriki, na hatari ikimwangukia mmoja huokolewa kwa mchango wa wote. Basi kwa nini kampuni hukataa?

Si kwa sababu wakuu wake hawajasoma utafiti wa Uswidi. Sababu yenyewe, kwa maoni yangu, imo katika kalenda. Bima ya afya inayouzwa na kampuni za kibinafsi nchini mwetu aghalabu ni mkataba wa mwaka mmoja. Mwajiri hulipa, mwaka huisha, naye huwa huru kuhamia kampuni nyingine yenye bei nafuu. Kampuni ikilipia upasuaji mwaka huu, hasara huipata yote leo. Faida, yaani figo zisizoharibika, mguu usiokatwa, moyo usioshindwa, huja baada ya miaka mitano, kumi au ishirini, na wakati huo mgonjwa yuko mikononi mwa kampuni nyingine au hana bima kabisa. Kwa mwenye mkataba wa mwaka mmoja, kukataa ni hesabu sahihi. Neno urembo ni shuka lililotandikwa juu ya hesabu hiyo ili isionekane. Ningeiheshimu zaidi barua ile kama ingesema tu kwamba faida ya matibabu haya haitakuwa yetu, ndiyo maana hatulipi.

Kampuni moja haiwezi kulitatua jambo hili peke yake. Itakayoanza kulipa itawavuta wagonjwa wote wa aina hii na kuwaachia washindani wake wateja wenye afya. Dawa ni kanuni inayozibana zote kwa siku moja. Mamlaka ya Kudhibiti Bima ingetoa agizo kwamba matibabu ya unene wa kupindukia, kwa vipimo vilivyokubaliwa na madaktari, yasiwekwe katika kifungu cha urembo na kampuni yoyote, hakuna ambaye angeonewa. Mgonjwa aliyelipiwa na kampuni hii akihamia ile, na wa ile atahamia hii. Na ili watu wasikate bima leo na kupasuliwa kesho, inaruhusiwa kabisa kumtaka mgonjwa awe amekuwa na bima kwa muda fulani, tuseme miaka miwili mfululizo, hata kama kampuni alizozipitia ni tofauti.

Mwajiri naye ana kalenda yake. Humweka mtu miaka kumi au ishirini, kwa hiyo hoja ya mwaka mmoja kwake haina nguvu. Mwalimu wetu amekosa kazi siku 19 mwaka huu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika mwaka wa kazi, hivyo siku zake zimekwisha na shule inamvumilia tu. Kifungu cha 34 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka mwajiri ahakikishe wafanyakazi wake wanapata dawa zifaazo wanapougua na, ikiwezekana, uangalizi wa daktari wanapougua sana. Neno lile "ikiwezekana" nimelifundisha darasani mara nyingi kama mfano wa neno dogo linalobeba nyumba nzima mgongoni. Kwa wengi wa waajiri wetu haiwezekani kamwe.

Jambo moja halisemwi vya kutosha. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote tunaiita SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Mwajiri wake haongezi hata senti. Kazi yake ni kukata na kupeleka. Katika akiba ya uzeeni mwajiri hulipa sehemu sawa na mfanyakazi, na katika ushuru wa nyumba vivyo hivyo. Katika afya peke yake, ambayo ndiyo nguvu anayoinunua kila mwezi, hachangii. Sioni mantiki yake. Mwajiri anayeambiwa alipie sehemu ya upasuaji wa mfanyakazi wake, tuseme theluthi, haonewi na nchi hii. Amesamehewa mengi tayari.

Nafika kwenye mfuko wa taifa, ambao hauna kisingizio cha kalenda. Mkenya wa Mtongwe aliyezaliwa leo, SHA itakuwa naye hadi kaburini. Hata aliyefukuzwa kazi na kuachwa na kampuni ya bima, figo zake zikifa, hurudi kwao. Na hapo hulipa. Kiwango kilichotangazwa cha kusafisha damu kwa mashine ni shilingi 10,650 kwa kila kipindi. Mgonjwa wa vipindi viwili kwa wiki hugharimu shilingi 1,107,600 kwa mwaka mmoja, na hapo hatujahesabu nauli yake, wala ya jamaa anayemsindikiza, wala siku zao za kazi zilizopotea. Kisukari ni miongoni mwa sababu kuu za figo kufa. Si kila mnene mwenye kisukari atafikia mashine ile, na sitaki msomaji adhani kwamba kila upasuaji mmoja huokoa milioni moja. Lakini upasuaji hulipwa mara moja, na gharama yake katika hospitali za kibinafsi huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Mashine hulipwa kila mwaka hadi mtu apate figo au afe. Wahenga walizungumza juu ya ufa na ukuta. Sisi tumeandika sheria inayolipia ukuta na kuuita ufa urembo.

Walimu wa shule za umma, ambao matibabu yao yalihamishiwa SHA mnamo Desemba 2025, wana sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu kuliko wengi. Chama chao kikienda kuzungumza, kiulize waziwazi: unene wa kupindukia uko katika kifungu kipi?

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la fedha. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 nchini wana uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Hakuna taifa liwezalo kuwapasua watu hao wote, wala hakuna haja. Walio wengi hawafikii vipimo vya upasuaji. Hata hivyo wataobaki ni wengi, na SHA hii hii inalalamikiwa na hospitali kwa kuchelewesha malipo. Mama wa Likoni atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mchango wake umlipie mtu upasuaji Nairobi ilhali yeye hukosa dawa ya shinikizo la damu katika hospitali ya karibu naye. Sina jibu litakalomridhisha kikamilifu. Nasema tu kwamba dawa ile ni haki yake kwanza, na kwamba katika foleni ya mahitaji upasuaji huu hauko mbele ya chanjo, uzazi wala dawa za kawaida. Lakini uko mbele ya kungoja figo zife, na foleni yetu ya sasa imeupita.

Tena wapasuaji wa fani hii ni wachache nchini, na wengi wao wako Nairobi. Mgonjwa wa Kisauni atapanda treni Miritini kwenda kupasuliwa, kisha atapanda tena kila anapotakiwa kupimwa damu, na akikosa nauli hatapanda. Kulipia kisu bila kulipia miaka inayokifuata ni kumtelekeza mtu nusu ya safari. Ndiyo maana ningependa kuona SHA ikianza kwa uchache, kwa wenye kisukari na kipimo cha 40 kwenda juu, na sehemu ya fedha hizo ikitumiwa kuwafunza wapasuaji, wauguzi na washauri wa lishe katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo ni hospitali ya mafunzo na rufaa. Fedha zikiishia katika hospitali za kibinafsi za mji mkuu peke yake, tutakuwa tumewachangisha wachukuzi wa Changamwe ili kuwatajirisha wasiokuwa wao.

Wengine wananiambia kwamba zama za kisu zimekwisha, zimekuja sindano. Ni kweli kwamba dawa kama semaglutide zimebadilisha mambo, na Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hilo katika orodha ya dawa muhimu kwa wenye kisukari na unene wa kupindukia. Nazipokea kwa furaha. Ila mtu akiziacha uzani aghalabu hurudi, kwa hiyo ni malipo ya kila mwezi yasiyo na mwisho, na katika vifungu vya bima nilivyovisoma zimetupwa katika sentensi ile ile ya pua na meno. Ugomvi wetu na neno urembo unabaki pale pale.

Lipo jambo moja ninaloliogopa katika hoja yangu mwenyewe, na sitalificha. Mwajiri akianza kulipia unene, atataka kuupima. Leo ataweka mizani katika ofisi ya mwalimu mkuu kwa nia njema. Kesho mizani hiyo itaamua nani apandishwe cheo. Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mtu katika kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kwa hiyo uamuzi ubaki kati ya mgonjwa na daktari, mwajiri apelekewe hati ya malipo isiyotaja ugonjwa, na asiyetaka kupasuliwa asiulizwe sababu. Mwalimu mnene ambaye hataki kisu ana haki ya kukaa kitini mwake kwa amani kama yule anayekitaka. Nalisema hili pia kwa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, wanaowaita walimu wao "bonge" nyuma ya mgongo wakidhani hawasikiwi. Wanasikiwa.

Jioni ile tuliketi mezani tukaandika rufani. Aliniuliza kama tuombe huruma. Nikamwambia, "La, Mwalimu, tuombe ufafanuzi." Tuliiomba kampuni itueleze, kwa kutaja kitabu chochote cha tiba, ni daktari gani anayeweka unene wenye kipimo cha 47 na kisukari cha miaka tisa katika fungu moja na makunyanzi. Tuliambatisha barua ya daktari wake, vipimo vya damu vya miaka mitatu na orodha ya siku alizokosa kazi. Nakala tulimwandikia mwajiri wake, na nyingine tumeiweka tayari kwa ajili ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Alitia sahihi, akanywa chai bila sukari, nikamsindikiza hadi kituoni.

Barua ilipelekwa Jumatatu. Hadi ninapoandika haya haijajibiwa, na bima ya shule yao inakwisha mwezi wa Desemba.